Hiyo Kompyuta Imemjua Lini Mjukuu Wangu?



Jioni moja ya Jumamosi, tukiwa katika mazoezi ya kichungaji, tulikaa na wanajumuiya wa kigango kimoja cha mbali. Tulikuwa tumemaliza kusoma na kutafakari Neno la Mungu, na kama ilivyo kawaida ya jumuiya zetu ndogo ndogo, mazungumzo yakahamia kwenye habari za dunia. Kijana mmoja wa VIWAWA alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi kompyuta inatafuta dawa za malaria na kifua kikuu. Wengine walifurahi. Mzee mmoja akasema hizo ni dalili za nyakati za mwisho. Mwenyekiti wa jumuiya akataka kujua kama sasa zahanati zitafungwa. Kisha bibi mmoja aliyekaa mkekani pembeni, ambaye msimu wa mvua uliopita alimzika mjukuu wake wa miaka mitatu kwa malaria, akatuuliza kwa upole: "Mafrateri wangu, hiyo kompyuta imemjua lini mjukuu wangu?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema maneno mawili matatu ya faraja, tukafunga kwa sala, tukaondoka. Lakini swali lile lilitufuata mpaka seminarini. Tumelisoma, tumewauliza walimu wetu wa sayansi, tumelijadili mezani na bustanini. Leo tunaandika makala hii kama jibu letu kwake, na kwa kila mwanaparokia anayejiuliza kama yeye.

Maoni yetu kwa kifupi ni haya: bibi yule aliuliza swali sahihi kuliko sisi sote tuliokuwepo. Kompyuta haimjui mtu yeyote, wala ugonjwa wowote, mpaka kwanza awepo mtu aliyejali kuuchunguza na kuuandika. Kwa hiyo swali si kama tuiogope mashine au tuishangilie. Swali ni nani anayejali kuwajua wagonjwa wetu. Na hapo Kanisa haliwezi kukaa kando.

Mtoto wa Mpika

Wasomaji wetu waliowahi kupanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi wanalijua jina la Mpika, kaskazini mwa Zambia. Ni katika wilaya hiyo alikokulia Kelly Chibale, katika kijiji kisicho na umeme. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Zambia, akafanya kazi katika kiwanda cha baruti huko Copperbelt, kisha akapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza. Baadaye alifanya utafiti Liverpool na Marekani. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki huko, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2010 akaanzisha hapo kituo cha utafiti wa dawa kinachoitwa H3D.

Kituo hicho kilianza na shauku iliyoonekana kwa wengi kama ndoto: kugundua dawa za malaria na kifua kikuu hapa hapa Afrika, tusibaki kuzijaribu tu dawa zilizogunduliwa kwingine. Mwaka 2012 Chibale na wenzake, wakishirikiana na shirika la kimataifa la Medicines for Malaria Venture, walitangaza molekuli iliyopewa namba MMV390048, yenye uwezo wa kuua vimelea vya malaria. Mwaka 2014 molekuli hiyo ilianza kujaribiwa kwa binadamu Cape Town. Ilikuwa habari kubwa. Lakini baadaye safari yake ilisimamishwa kwa sababu za usalama, na haikufika kuwa dawa.

Tunaieleza habari hiyo bila kuificha, kwa sababu ndani yake kuna somo. Huo ndio ukweli wa kazi ya kutafuta dawa. Molekuli nyingi sana huanza safari na chache sana hufika. Nyingine haziyeyuki tumboni. Nyingine huvunjwa na ini kabla hazijafanya kazi. Nyingine huua kimelea lakini huumiza moyo. Mara nyingi mtafiti huyajua hayo baada ya miaka kupita na fedha nyingi kutumika. Kwa ugonjwa wa matajiri, kampuni huvumilia hasara hiyo kwa kuwa faida itakuja. Kwa ugonjwa wa maskini, ni nani atakayevumilia?

Ungo wa kuchambulia

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Tujaribu kueleza kwa mfano wa nyumbani. Mama akinunua mchele wenye mawe, haupiki kwanza kisha kuyatafuta mawe kwa meno. Anachukua ungo, anapepeta, anachambua. Ungo haupiki wali, lakini unamwokolea mama kuni, muda na meno ya watoto. Kompyuta katika utafiti wa dawa ni ungo wa namna hiyo. Inachambua molekuli kabla hazijatengenezwa na kupimwa maabara, ikisema: hii ina dalili njema, ile ina dalili ya sumu, hii weka pembeni.

Inajuaje? Inafundishwa. Watafiti huipa orodha ya molekuli zilizokwisha kupimwa, na kwa kila moja huieleza matokeo: hii iliua kimelea, hii haikuua, hii iliyeyuka, hii ilidhuru seli. Mashine hutafuta ni maumbo gani ya kikemia yanayokwenda pamoja na matokeo gani. Kisha huonyeshwa molekuli ambayo haijawahi kupimwa, nayo hukisia. Ni ukisiaji, lakini ni ukisiaji uliofundishwa, kama vile mganga mkuu wa zahanati aliyeona homa nyingi anavyoweza kuhisi jambo kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Mwaka 2023 kituo cha H3D, kwa kushirikiana na watafiti wa Ersilia, shirika lisilotafuta faida linalotengeneza programu huria, walichapisha katika jarida la Nature Communications taarifa ya mfumo wanaouita ZairaChem. Kabla ya hapo kituo hakikuwa na uwezo wowote wa akili mnemba. Walichukua data walizozikusanya wenyewe maabara kwa takriban miaka kumi, wakajenga modeli 15 kwa ajili ya utafiti wa malaria na kifua kikuu. Kila modeli hujibu swali lake. Je, molekuli hii itaua kimelea? Itadhuru seli za binadamu? Itayeyuka majini? Itapenya? Ini litaivunja upesi? Itavuruga vimeng'enya vya ini? Itaudhuru moyo? Jambo lililotugusa zaidi ni kwamba mfumo huo ulibuniwa usihitaji kompyuta kubwa za gharama, ili uweze kutumika mahali penye uwezo mdogo.

Tazameni vizuri kilichofanya jambo hilo liwezekane. Ni miaka kumi ya watu waliovaa makoti meupe, wakipima molekuli moja baada ya nyingine na kuandika kila jibu, hata majibu ya kushindwa. Molekuli iliyoshindwa na ikaandikwa vizuri inaifundisha mashine kesho. Molekuli iliyoshindwa na ikasahauliwa ni hasara mara mbili.

Wala tusidanganyike kwamba ungo ukishapepeta, wali umeiva. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, wakiongozwa na James Collins na Regina Barzilay, waliitangazia dunia molekuli waliyoiita halicin. Waliifundisha mashine kwa molekuli 2,335, kisha ikachambua maelfu ya nyingine, na ikaichagua moja iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari. Maabara ikathibitisha kwamba inaua bakteria wengi sugu, hata yule wa kifua kikuu. Ni jambo la ajabu kweli. Lakini mpaka tunaandika makala hii, halicin haipo katika duka la dawa lolote. Kati ya molekuli nzuri na kidonge mkononi mwa mgonjwa bado kuna miaka ya vipimo, na hakuna kompyuta iliyokwisha kuifuta miaka hiyo.

Kile ambacho mashine haikuambiwa

Sasa turudi kwa bibi. Tuseme ukweli: mashine ya Cape Town haisomi majina ya wagonjwa. Inasoma molekuli. Hata hivyo mjukuu wake angeweza kuwemo katika hesabu kwa njia tatu, au kusahauliwa kwa njia hizo hizo tatu.

Ya kwanza ni uchaguzi wa ugonjwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao milioni 263 waliugua malaria duniani, na 597,000 walifariki. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na robo tatu ya waliokufa katika kanda hiyo walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kifua kikuu mwaka huo huo kiliua watu milioni 1.25. Pamoja na vifo vyote hivyo, dawa ya isoniazid ambayo wagonjwa wetu wanameza leo imetumika tangu mwaka 1952. Ilipoidhinishwa bedaquiline mwishoni mwa mwaka 2012 nchini Marekani, ilikuwa imepita takriban miaka 40 bila dawa ya kifua kikuu ya aina mpya. Si kwamba akili za watu zilikosekana miaka hiyo 40. Ni kwamba wagonjwa hawakuwa na fedha. Pasipo na utafiti hapana data, na pasipo na data mashine haina la kujifunza.

Ya pili ni kimelea chenyewe. Kimelea hubadilika. Watafiti wamethibitisha mkoani Kagera, kama ilivyothibitishwa Rwanda, Uganda na Eritrea, vimelea vya malaria vilivyoanza kuonyesha usugu wa kiasi dhidi ya artemisinin, ambayo ni nguzo ya dawa mseto tunayotumia. Hatusemi haya kuwatia watu hofu. Dawa mseto bado inaponya, na anayeandikiwa aimalize yote. Tunasema ili tuelewe kwamba dawa mpya inapaswa kujaribiwa dhidi ya vimelea vya leo vya kwetu, si vya miaka iliyopita vilivyohifadhiwa mbali. Ugunduzi ule wa Kagera uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wagonjwa na wazazi waliokubali tone la damu lichukuliwe kwa ajili ya utafiti.

Ya tatu ni mwili wetu. Wasomaji wengi wanawafahamu ndugu waliotumia efavirenz kwa ajili ya virusi vya Ukimwi, wakalalamikia kizunguzungu na ndoto za kutisha. Baadhi yao waliambiwa wanajidekeza. Leo inajulikana kwamba kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6 ndicho kinachoivunja dawa hiyo, na kwamba aina ya jeni inayokifanya kiwe mzito inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Dawa ile ile, kipimo kile kile, ilikaa mwilini mwa wengi wetu kwa wingi zaidi. Hawakuwa wanajidekeza. Walikuwa wanasema ukweli wa miili yao ambao haukuwa umeandikwa vya kutosha mahali ambapo kipimo kilipangwa. Sasa fikirini mashine inayofundishwa kwa data za ini la watu wa mahali pengine tu. Itatuchagulia dawa kwa ujasiri mkubwa, na itakosea kwa ujasiri huo huo.

Kwa hiyo jibu letu kwa bibi ni hili: kompyuta haijamjua mjukuu wako, Bibi. Itamjua kwa kiasi tu ambacho sisi tutajali kuijulisha.

"Lakini haya ni ya Kanisa kweli?"

Tunajua baadhi ya wasomaji watauliza hivyo. Tuwajibu kwa historia. Katika karne ya 17 homa ya vipindi, ambayo leo tunaijua kama malaria, iliua watu wengi Roma. Huko Peru wamisionari Wajesuiti walijifunza kutoka kwa wenyeji wa milima ya Andes juu ya gome la mti uitwao sinkona. Bruda Agostino Salumbrino, aliyetunza duka la dawa la Wajesuiti Lima, ni mmoja wa wanaokumbukwa kwa kulipeleka gome hilo Ulaya. Kadinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, aliligawa kwa maskini wa Roma. Watu walipoliita unga wa Wajesuiti, baadhi ya Waprotestanti walilikataa kwa sababu ya jina hilo tu. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya gome hilo kile ambacho bibi zetu walikiita kwinini.

Katika habari hiyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, watu wa Kanisa waliwahi kuwa daraja kati ya elimu ya wenyeji, sayansi na kitanda cha maskini. Pili, dawa inaweza kuwa njema na bado mtu akafa kwa kuidharau kwa sababu ya aliyeileta. Ugonjwa huo wa pili haujaisha. Tumeuona wakati wa chanjo, na tunaanza kuuona kuhusu akili mnemba.

Kanisa halituachi gizani katika hili. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na dawa, na papo hapo kumwomba Mungu. Hati ya Antiqua et Nova iliyotolewa Vatikani Januari 2025 inaiona akili mnemba kama tunda la akili ambayo Mungu amempa binadamu, na inaonya isije ikachukua nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia. Naye Papa Leo XIV, siku chache baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makadinali kwamba mabadiliko yanayoletwa na akili mnemba ni moja ya sababu za kuchagua jina lake, akimkumbuka Papa Leo XIII aliyesimama upande wa wafanyakazi katika mapinduzi ya viwanda. Mama Kanisa anatutaka tuikabili akili mnemba macho yakiwa wazi, bila kuikimbia na bila kuiabudu.

Kuna pingamizi jingine ambalo tunaliheshimu zaidi. Watu wanasema: "Damu yetu na taarifa zetu zitachukuliwa, dawa itatengenezwa, kisha tutauziwa kwa bei tusiyoiweza." Hofu hiyo haikutoka hewani. Bara letu limechukuliwa vitu vingi. Ila dawa ya hofu hiyo si kukataa kila utafiti. Ni kudai haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utafiti wa afya ya binadamu unapaswa kuwa na kibali cha kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina dhamana katika hilo. Mtu ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kuuliza, kukubali, kukataa, na kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu. Tena, kadiri utafiti unavyofanywa na watu wetu katika vituo vyetu, kama wanavyofanya Cape Town, ndivyo tunavyokuwa na sauti mezani. Anayekaa nje ya jiko asilalamike chumvi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumalize dozi. Mwaka jana tulimtembelea mwanaparokia mmoja aliyeacha dawa za kifua kikuu mwezi wa pili kati ya sita. Alikuwa amepata nafuu, na kwenye mkesha mmoja wa maombi aliambiwa amekwisha kupona, kuendelea kumeza ni kukosa imani. Tulimkuta anakohoa damu. Kila dozi iliyokatwa humpa bakteria nafasi ya kujifunza kuishinda dawa, na hakuna kompyuta inayoweza kugundua dawa haraka kuliko sisi tunavyoziharibu zilizopo. Sisi tunaojiandaa kuhubiri, tulitamke hili altareni bila kumung'unya maneno: sala na dozi havigombani. Anayemtenganisha mgonjwa na dawa yake kwa jina la Yesu anabeba mzigo mkubwa.

Pili, tuandike. Sisi Wakatoliki ni watu wa madaftari. Tuna daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa. Kanuni ya 1182 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kila maziko yaandikwe katika daftari la marehemu. Tunaandika kwa sababu tunaamini kila mtu ana jina mbele za Mungu. Moyo huo huo utupeleke zahanati na RITA. Viongozi wa jumuiya, WAWATA na UWAKA wanaweza kuzisaidia familia kuripoti vizazi na vifo, hata vya watoto wachanga, hata vilivyotokea nyumbani. Kifo kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Tatu, tusione aibu kuipenda sayansi seminarini. Baadhi ya seminari zetu ndogo zina sifa njema katika masomo ya sayansi, na bado husikika mmoja wetu akisema kemia haina kazi kwa padre. Gregor Mendel alikuwa mtawa Mwaugustino alipohesabu njegere zake na kufungua mlango wa elimu ya jeni, elimu ile ile iliyotusaidia kuelewa efavirenz. Si kila mseminari atakuwa padre, na hilo si aibu. Mwenye kipaji cha hesabu akitoka seminarini na kwenda kuifundisha mashine ijue ini la Mwafrika, hajaukimbia wito. Huenda ndio wito wenyewe. Na wasichana katika shule za masista wetu wasikie neno hilo hilo.

Nne, tudai bei ya haki. Dawa ikigunduliwa kwa jasho na damu ya maskini kisha ikawekwa rafu ya juu wasipoifikia, kazi yote hiyo imegeuka kuwa dhuluma. Parokia zinazoendesha zahanati na hospitali zina neno la kusema kwa serikali na kwa wafadhili, na zilisema bila woga.

Tulirudi kule kigangoni mwezi uliofuata. Tulimkuta bibi anachambua maharage uani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuletea vigoda. Tukamweleza haya yote kadiri tulivyoweza, ungo wake ukiwa mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kifo cha mjukuu wake kiliandikwa popote. Tukagundua hakikuandikwa. Mtoto alifariki usiku njiani kuelekea zahanati, wakageuza, wakamzika kesho yake. Katekista alikuwa safarini na daftari la parokia halikupata habari. Katika hesabu zote za malaria tulizozinukuu hapo juu, mtoto yule hakuwa mmoja wa walioripotiwa.

Jumapili ile Baba Paroko alifungua daftari la marehemu, akaliandika jina lake na siku yake. Mwenyekiti wa jumuiya ameahidi kwenda na familia kuripoti kunakohusika. Ni jambo dogo, na halitamrudisha mtoto. Lakini tumeona kwamba kazi kubwa ya akina Chibale huko Cape Town na kazi ndogo ya katekista mwenye kalamu kigangoni ni kazi moja: kukataa kwamba mtoto wa maskini aje duniani na kuondoka bila mtu kumjua.

Tunawaombea watafiti wote wanaohangaikia magonjwa ya maskini, na wagonjwa wetu walio majumbani. Mama Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee. Nawe msomaji wetu, Jumamosi ijayo jumuiyani kwako, uliza swali moja tu: ni nani kati yetu anaumwa, na ameacha dozi?